Fundi Pole na Ujumbe wa Jumanne

Jina lake la ubatizo lilibaki kwenye vyeti. Mtaa mzima ulimwita Fundi Pole, kwa sababu hakuna aliyewahi kuweka simu mbovu juu ya meza yake bila kupewa pole kwanza. Kioo kimepasuka, pole. Simu imetumbukia chooni, pole sana, na hiyo aliipokea kwa kitambaa. Wenye ulimi mkali walidai jina limetokana na mwendo wake wa kazi, maana simu ya kubadilishwa betri tu ungeikuta kwake wiki ya pili, imelala kifudifudi na skrubu zake zimepangwa kwenye kifuniko cha chupa. Lakini alikuwa hodari, na hakuwa mwizi. Kwa mafundi simu, hayo mawili si rahisi kuyakuta kwa mtu mmoja.

Alifanyia kazi katika chumba chembamba kati ya duka la dawa na kinyozi. Meza ilikuwa na taa ya shingo ndefu, vibano, pamba, chupa ya spiriti na kipuliza joto cha kulegezea gundi ya vioo. Alikuwa mzee wa kanisa, mgane wa miaka minne, na baba wa binti mmoja wa miaka kumi na sita, aliyemnyooshea mashati ya Jumapili na kumcheka alipovaa miwani juu ya miwani. Mbali na binti huyo hakuwa na mtu.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Simu ikiwashwa ili kujaribiwa kioo, ujumbe unamiminika wenyewe. Bila kutaka, Fundi Pole alikwisha kuona wanaume wenye mvi wakiandika kama watoto wa sekondari, na watoto wa sekondari wakiwaamini. Alimweleza mchungaji, naye mchungaji akampa nafasi aseme na wazazi Jumapili moja baada ya ibada.

Alisema vizuri, tusimnyime haki yake. Simu ilale chumbani kwa mzazi, isilale chini ya mto wa mtoto. Mezani simu haina kiti, na hata ya baba haina. Mzazi ajue namba ya siri. "Na la mwisho," akasema, "mwambieni mtoto kwamba mnaangalia. Ukimchungulia kwa kujificha, siku utakayoona moto ndani utashindwa kupiga kelele, maana utaulizwa ulikuwa unafanya nini dirishani." Wazazi walicheka, wengine wakaandika.

Haikupita wiki, mwalimu wa kwaya akaja dukani, akafunga mlango nyuma yake.

"Fundi, yale ya Jumapili ni mazuri, lakini wangu hasemi. Nasikia kuna programu, unaiweka kwenye simu ya mtoto, kila anachoandika kinakuja kwangu, mwenyewe hajui."

"Ipo. Lakini siiweki."

"Mpaka nimzike?"

Alilia. Fundi Pole hakuwa na moyo wa kuhimili machozi ya mwanamke aliyeimba kwenye maziko ya mkewe. Akaiweka. Mwalimu wa kwaya akamwambia dada yake, dada akamwambia jirani, na mwezi ulipokwisha simu kumi na moja za watoto wa kanisa zilikuwa na programu ile. Watoto wenyewe ndio waliozileta. "Shikamoo Fundi, kioo changu." "Marahaba, pole mwanangu." Hapo hana wa kumtetea. Mtoto anakuamkia, unaitika, na mkono wako uko mfukoni mwake.

Mganga hajigangi. Ya kumi na mbili ilikuwa ya binti yake. Hakukuwa na haja hata kidogo. Binti alimkabidhi simu kila siku saa tatu usiku bila kununa, na namba ya siri alimpa mwenyewe, nayo ilikuwa tarehe aliyozaliwa mama yake. Lakini alikuwa akiichekea simu, na baba akiingia anakaa kimya, na kimya kile kilimtisha Fundi Pole kuliko picha zote alizowahi kuziona. Tundu la chaji lilipolegea akasema leta nilitazame. Akalitazama, akafanya na lile lingine.

Jumanne moja, shule zikiwa zimefungwa, alikuwa anapasha kioo cha mteja moto simu yake ilipotetemeka. Alikuwa Kicheko akimwandikia binti yake. Kicheko ni rafiki wa tangu chekechea, binti wa Mama Dobi, yule mama anayefua mashuka ya hospitali. Mtoto huyo alipata jina lake kwa haki. Kanisani walimtenga na binti wa fundi, wakamweka benchi la mbele, akacheka hukohuko.

"Ijumaa saa nne, stendi ya mabasi. Ananipeleka kwenye ile kazi ya matangazo ya nguo. Umeapa, usimwambie mtu."

"Hujawahi kumwona sura," binti akajibu. "Kila siku kamera mbovu. Baba angekwambia kamera haikai mbovu miezi mitatu."

"Nakutumia namba yake basi, roho yako itulie. Ukishaisoma futa zote."

Namba ikaja. Fundi Pole aliisoma mpaka akasikia harufu ya plastiki inaungua; kioo cha mteja kilikuwa kimepasuka chini ya mkono wake.

Alishika simu ampigie Mama Dobi. Akaona jina lake kwenye kioo, akaona na swali litakalofuata: mzee, umejuaje? Angejibu nini? Binti yake angejua siku hiyohiyo. Kisha zile kumi na moja zingejulikana, na baba gani angemwangalia usoni pale kanisani? Akaiweka simu mezani. Ijumaa ilikuwa bado, akajiambia, njia itapatikana.

Jumatano akajaribu njia ya mzunguko. "Kicheko hajambo?" aliuliza wakila.

"Hajambo."

"Hakuna neno unataka kuniambia, mwanangu?"

Binti aliinua macho, na kwa kitambo kidogo midomo yake ilifunguka. Kisha akasema, "Hakuna, Baba." Alikuwa amekula kiapo. Baba naye alikaa akingoja aambiwe kitu anachokijua, ili apate ruhusa ya kukijua.

Alhamisi alifunga duka mchana, akatembea mpaka hospitali, akasimama kwenye mlango wa chumba cha kufulia. Mvuke ulikuwa mzito, mashine zikinguruma. Mama Dobi alitoka akijifuta mikono iliyovimba kwa sabuni.

"Mzee wangu! Kuna jema?"

"Jema tu, dada. Nilikuwa napita, nikasema nikusalimu. Watoto wazima?"

"Wazima. Kicheko ananipikia siku hizi, mpaka naona aibu."

"Umwangalie, dada. Siku hizi dunia si nzuri."

"Namwangalia. Tunafanya kama ulivyotufundisha, simu inalala kwangu. Asante sana kwa yale mafundisho."

Fundi Pole akaaga. Wanasema ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini tumbo lililoumia kwa kungoja huku halikuwa lake.

Ijumaa Kicheko aliondoka. Ijumaa yenyewe, asubuhi, Fundi Pole alikwenda stendi saa nne kasorobo na kuzunguka kati ya mabasi mpaka saa saba, lakini hakumwona, kwa kuwa miadi ilikuwa imebadilishwa, na Kicheko hakumwandikia binti yake habari hiyo.

Jumamosi binti yake hakungoja kuulizwa. Alikwenda na Mama Dobi polisi, akaeleza yote aliyokumbuka: stendi, kazi ya nguo, kamera mbovu. Namba? Ilikuwepo, aliifuta kama alivyoombwa. Polisi akaweka kalamu chini. Simu ya Kicheko imezimwa tangu Ijumaa, alisema, na bila namba ya huyo mtu wanatafuta sindano gizani. Fundi Pole alikuwa amekaa nao kwenye benchi moja, simu yenye namba iko mfuko wa shati, upande wa moyo. Alisikia kila neno na hakufungua mdomo.

Jumapili kanisa lilimwangukia mtoto. Mwalimu wa kwaya alimsimamia pale mlangoni, kila mtu akisikia. "Ulijua! Ulijua ukanyamaza! Ungekuwa wewe, mama yake angenyamaza?" Kwaya nzima ilimwangalia msichana. Mama Dobi hakumtukana. Alipita tu kando yake bila kuitikia shikamoo, na hilo lilikuwa baya zaidi. Baba alimshika binti mkono, akamwongoza nyumbani. Mtu akamwambia, "Pole, mzee." Akaipokea.

Jumatatu asubuhi binti alikuja dukani. Hakuwa amekula tangu Ijumaa na macho yalikuwa yamemvimba. Akaweka simu yake mezani, mbele ya taa, kama mteja.

"Baba, vilivyofutwa vinarudi? Wewe ni fundi. Fanya chochote, hata ikifa sawa. Ile namba imo humu."

Mlango ulikuwa umefunguliwa mbele ya Fundi Pole kwa upana usio na kifani. Angechukua waya, aunganishe na kompyuta, atoe jasho la uongo nusu saa, kisha aseme imepatikana. Binti angemkumbatia. Kanisa lingesimulia jinsi mzee alivyoirudisha namba kwa ufundi aliopewa na Mungu. Hata waya aliushika. Akamtazama mtoto, aliyekuwa ameunganisha vidole kama anayeomba, lakini hakuwa akimwomba Mungu, alikuwa anamwomba yeye.

Akauweka waya chini. "Haina haja ya kurudishwa. Ninayo."

"Unayo vipi?"

Binti aliangalia simu yake, akaangalia ile iliyomo mfukoni mwa baba. Hakuwa binti wa fundi bure.

"Tangu lini?"

"Jumanne."

Alihesabu kwa vidole, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, akaendelea mpaka vidole vya mkono mmoja vikaisha, akaanza mkono wa pili. Kisha akasema, "Twende," na njia nzima alitangulia mbele. Baba alipoharakisha, yeye akaharakisha.

Polisi aliichukua namba, akaingia chumba cha ndani, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka hakumwangalia binti, alimwangalia mzee. "Ilikuwa hewani mpaka jana saa sita mchana," alisema. "Tangu hapo imezimwa. Jumamosi tungeweza kujua iko wapi." Jana saa sita mchana watu walikuwa wanatoka kanisani.

Kwa Mama Dobi mlango ulifunguka kabla hodi haijaisha.

"Amepatikana?"

"Hapana, dada." Fundi Pole alivua kofia. Akamweleza pale pale kizingitini, akiwa amesimama: programu, Jumanne, Alhamisi kwenye mvuke, benchi la polisi. Hakujitetea, na kama angejitetea sidhani kama angesikilizwa. Mama Dobi alisikiliza akiwa ameshika mlango kwa mikono miwili. Fundi Pole alipomaliza kusema, yule mama hakupiga kelele wala hakumlaani, ingawa mzee alikuwa tayari kwa lolote katika hayo, na pengine aliyatamani.

"Kwa hiyo maneno yake unayo," akasema. "Mimi simu ameondoka nayo. Sina hata moja."

"Ninayo, dada."

"Nisomee."

Alisoma, binti akiwa amesimama uani amegeukia ukuta. Mtu mzima, mzee wa kanisa, akisoma kwa sauti maneno ya wasichana wawili, na vicheko walivyoandika, na majina waliyowatania walimu. Alipofika Ijumaa alikosea neno, akaanza upya.

"Mama kaenda kazini. Nimemwachia chai kwenye chupa. Nikifika tu nitampigia, asipate presha."

"Chai niliikuta," Mama Dobi akasema. "Nilidhani kaenda dukani, nikainywa." Akakaa chini, kizingitini, taratibu, akitafuta sakafu kwa mkono.

"Nisomee tena hiyo ya mwisho."