Mshika Mkia

Wanafunzi walimwita Mwalimu Kengele, na hakuwahi kulichukia jina hilo, ingawa kwa mambo mengine alikuwa mtu wa kinyongo. Ukimkosea leo, mwakani atakukumbusha hata rangi ya shati ulilovaa. Jina lilitokana na kikengele cha shaba alichokiweka mezani, ambacho kwacho aliendesha darasa lenye watoto wengi kuliko madawati bila kupandisha sauti.

Darasa lake alilipanga kwa vituo vinne. Karibu na ubao alikaa yeye mwenyewe na kundi dogo, akiwafundisha ana kwa ana. Ukutani palikuwa na meza ya vishikwambi, vile vichache ambavyo shule ilipewa, na hapo watoto walijisomea kwenye kioo bila mwalimu. Mlangoni walisoma vitabu wawili wawili, na chini ya dirisha walipima na kuhesabu kwa vizibo vya chupa na mizani ya kujitengenezea. Kengele ikilia, kila kundi lilihamia kituo kinachofuata. Kwa mdomo ni rahisi. Lakini mwalimu yeyote aliyejaribu atakwambia kwamba kila kengele huzaa fujo, maana watoto wakifika meza mpya hawajui pa kuanzia, na wote humkimbilia mwalimu na swali moja: "Mwalimu, tufanye nini?" Swali hilo lilimtesa Kengele mwaka mzima, mpaka akalipatia dawa.

Dawa yenyewe ilikuwa mshika mkia. Kundi linapohama, mtoto mmoja hubaki kituoni, huwapokea wanaoingia, huwaonyesha kazi, kisha ndipo hukimbia kuwafuata wenzake. Neno hilo hakuliokota njiani. Kila aliyepita shule anajua kwamba kushika mkia ni kuwa wa mwisho kwenye mtihani. Yeye mwenyewe aliushika utotoni, na baba yake mdogo alimwita hivyo mbele ya wageni mpaka siku alipoolewa. Kwa hiyo aliligeuza neno. Darasani mwake mkia aliwapa wale wale ambao mtihani uliwapa mkia, kwa kuwa mtoto aliyeelewa kwa shida hueleza taratibu na wenzake humfuata. Ikawa heshima, na watoto wakaigombea.

Aliyeushika vizuri kuliko wote alikuwa msichana mwembamba waliyemwita Sisimizi, ambaye bado alisoma kwa kukokota kidole kwenye mstari. Akibaki pale dirishani utadhani ni mwenye nyumba. "Karibuni, kaeni," angesema. "Hapa tunapima. Msianze na vizibo vikubwa, mimi nilikosea hapo hapo." Mama yake alisimulia kwamba mtoto akirudi nyumbani hutangaza getini, "Leo nimeshika mkia!" na majirani wakimcheka, naye huwacheka wao.

Sasa tuje kwa mwizi. Wakati huo alikuwa mwalimu wa darasa la jirani, mtu wa suruali zilizonyooka na maneno laini. Alikuja kukaa nyuma ya darasa la Kengele, akisema, "Nijifunze kidogo tu, dada yangu," na akarekodi kwa simu. Kengele akamkaribisha, hata kiti akampangusia. Muda si mrefu, kwenye mkutano wa walimu wa shule zote, yule bwana akapanda jukwaani na kueleza mzunguko wa vituo alioubuni yeye kwa jasho lake. Akapigiwa makofi. Akapewa unaibu mwalimu mkuu, nafasi ambayo Kengele aliiomba. Walipokutana koridoni alimwambia, "Mwalimu, sote tunajenga nyumba moja." Kengele alitabasamu, akaenda chooni, akafunga mlango na kuuma kitambaa chake cha kichwa.

Basi aliposikia kwamba wakaguzi wanakuja kumtazama Naibu akifundisha kwa mtindo huo, ili wakiridhika wampe kazi ya kuufundisha kwa walimu wa shule zote, damu ilimchemka. Mtindo ungekuwa wa Naibu milele, mpaka wajukuu wa walimu waje wamtaje. Na darasa la maonyesho, bila haya, alilichagua la Kengele.

"Mwachie Mungu, dada," alisema mdogo wake, fundi cherehani, bila kuinua macho kwenye pindo.

"Mungu ana kazi nyingi. Huyu nitamshughulikia mwenyewe."

"Wahenga walisema, akutendaye mtende, mche asiyekutenda."

"Mimi nusu ya kwanza inanitosha," Kengele akajibu, na wote wawili wakacheka.

Hakuhitaji hata kuchimba shimo. Mwenyewe Naibu alikuja nalo ofisini kwa walimu, asubuhi ya siku moja kabla ya ugeni, akikoroga chai. "Kwenye video yangu unasema mshika mkia, mshika mkia," alisema. "Ndio wale wa mwisho darasani, siyo? Kina Sisimizi?"

Kengele aliweka kikombe chini. Aliona papo hapo kwamba mtu huyu alikuwa ameiba gari bila usukani. Na jibu lake halikuwa hata uongo. "Ndio hao hao," alisema. "Wote walishika mkia mtihani uliopita."

"Nilijua," alisema Naibu. "Nitawaeleza wageni tunavyowasaidia. Wakaguzi wanapenda sana mambo ya watoto dhaifu."

Asiyejua maana haambiwi maana. Siku hiyo Kengele alifundisha kwa furaha ambayo hata watoto waliistaajabia.

Kesho yake alimkabidhi Naibu kikengele kwa mikono miwili, akaenda kukaa kwenye kile kile kiti cha nyuma alichompangusia zamani. Wakaguzi walikuwa wawili, na mkubwa wao alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani kifuani. Mwalimu mkuu alisimama mlangoni akijifuta jasho. Watoto walianza vizuri, kila kundi kituoni pake.

Ndipo Naibu akaanza kuwatembeza wageni. Akasimama dirishani, akaweka mkono juu ya kichwa cha Sisimizi.

"Huyu, kwa mfano, ni mshika mkia," alisema kwa sauti ya kusikika darasa zima. "Kila kundi nimeliwekea mmoja. Ndio watoto wazito, wanaoshika nafasi za mwisho. Tukiwaweka pamoja watachelewesha darasa, kwa hiyo nimewatawanya, wabebwe na wenzao."

Sisimizi alikuwa ameinua uso akitabasamu, kwa kuwa alisikia jina la cheo chake. Tabasamu lilibaki kidogo, kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba, kisha likaondoka. Mvulana mmoja kwenye meza ya vishikwambi akacheka puani. Sisimizi akageuka nyuma, akamtafuta mwalimu wake.

Kengele aliyaona macho yale. Alijua kwamba angesimama na kusema neno moja tu, "Hapana," mambo yangenyooka. Lakini angekuwa amemwokoa na Naibu pia. Wakaguzi wangesema mwalimu msaidizi amekumbusha kidogo, somo lingeendelea, na mwizi angeondoka na shamba zima. Akajitia hamnazo. Akatazama kucha zake.

Naibu akapiga kengele.

Makundi yote yaliinuka, na washika mkia wote wakainuka nayo, wakijibanza katikati ya wenzao. Hakuna aliyebaki. Watoto wakafika vituo vipya, wakakuta vishikwambi vimefunguliwa ukurasa wasioujua, vizibo vimemwagwa, vitabu bila alama. Likaanza lile swali, kona moja, kisha nyingine, kisha darasa zima. Naibu akapiga kengele tena kutaka kimya. Kwao mlio wa kengele ulimaanisha kuhama, wakahama. Mizani ikaanguka. Wawili wakagombania kishikwambi. Naibu aligeuka mara mbili pale katikati, shati limemganda mgongoni, akamtazama Kengele kwa macho ya kuomba. Kengele akamwangalia vizuri, taratibu, kama mtu anayekula nyama akibakiza mfupa wa mwisho. Moyo wake ulikuwa mtamu. Lazima tuseme ukweli, ulikuwa mtamu.

"Kwa kawaida huwa hivi?" aliuliza mkaguzi mkubwa.

Naibu aliinama kuokota mizani.

Jioni mwalimu mkuu alimwita Kengele ofisini. Wageni walikuwa wameuliza ni nani hasa aliyebuni mtindo ule, na yeye, maskini, akasema anachokijua. Watarudi, na safari hii atafundisha Kengele. Naibu alikuwa ameondoka mapema, anaumwa kichwa. Nyumbani fundi cherehani alisimuliwa yote, na sehemu ya jasho akaomba irudiwe. Sehemu ya Sisimizi hakusimuliwa.

Asubuhi Mwalimu Kengele aliingia darasani akiwa mwepesi. Aliwaambia watoto kwamba jana Naibu alikosea maana ya neno, na wasilijali. Wakaitikia, "Ndiyo, mwalimu." Akaweka kikengele chake mezani, akakipiga.

Makundi yakainuka. Sisimizi akachukua kalamu yake na kuondoka na wenzake.

"Sisimizi, mbona umesahau mkia?"

"Sikusahau, mwalimu. Mpe mwingine."

"Nimeshawaeleza kwamba yule bwana alikosea."

Msichana hakuwa na hasira. Alinyoosha kidole, kile kile cha kufuatia mstari, kuelekea kiti cha nyuma.

"Lakini wewe ulikuwa pale, mwalimu," alisema. "Na ulijua."

Kundi jipya lilikuwa limeshafika dirishani, limesimama mbele ya vizibo, na hakuna aliyewakaribisha. Mmoja wao akamgeukia Kengele.

"Mwalimu," akauliza, "tufanye nini?"