Maneno Yangu Juu ya Kitabu cha Minazi

Katikati ya miaka ya hamsini nilikuwa mwalimu Msambweni, kijana nisiye na mke wala shamba, na shida yangu kubwa ilikuwa kukosa cha kusoma. Kabati la shule halikuwa na vitabu zaidi ya arubaini. Nilikuwa nimevisoma vyote, vingine mara tatu, hata kile cha kuchimba choo cha shimo. Vitabu vipya vya Kiswahili vilikuwa vikitoka, hilo tulilijua, kwa sababu magazeti ya Mombasa yaliyatangaza majina yake. Nikiyasoma majina hayo nilikuwa kama mtu anayesikia harufu ya biriani ya nyumba ya jirani ambaye hajaalikwa.

Basi siku moja ikaja barua kutoka Kwale. Wilaya ilikuwa na gazeti lake dogo, kurasa nane zilizopigwa kwa mashine ya kurudufu, likipelekwa mashuleni, kwa machifu na katika majumba ya mikutano. Mhariri wake alikuwa karani mmoja mtu mzima, mwenye adabu nyingi, ambaye aliwahi kunisikia nikizungumza katika mkutano wa walimu. Aliniambia kwamba wachapishaji wameanza kumpelekea nakala za vitabu vipya, naye anataka kuanzisha safu ya kila mwezi itakayoitwa "Vitabu Vipya Vinavyofaa Kusomwa". Je, ningekubali kuvisoma na kuandika maneno machache juu ya kila kimoja?

Nilimjibu siku ile ile. Chai yangu ilipoa mezani.

Kifurushi cha kwanza kililetwa na basi la asubuhi, kimefungwa kwa karatasi ya kaki na kamba ya katani. Ndani mlikuwa na vitabu viwili. Cha kwanza kilikuwa riwaya ya mjane mmoja aliyekuwa mpishi wa harusi katika mji mdogo wa kisiwani, na jinsi alivyovutana na mashemeji zake waliotaka kumtoa katika nyumba ya marehemu. Hapakuwa na upanga wala jini wala mtoto wa sultani. Palikuwa na mwanamke mwenye mikono iliyoungua, anayejua sufuria ya watu mia inahitaji makaa kiasi gani juu ya kifuniko, na anayejua pia ni shemeji gani anasema uongo kwa namna anavyoshika kikombe. Niliisoma nimekaa kwenye ngazi za darasa, na siku hiyo wanafunzi wangu wa jiografia walinisubiri mpaka wakaanza kupigana.

Kitabu cha pili kilikuwa cha ukulima wa minazi. Kilikuwa na jalada la kijani na picha zilizochorwa vizuri sana. Lakini aliyekiandika, sijui alikuwa nani, nadhani aliuona mnazi akiwa amekaa ndani ya gari. Alimwambia mkulima asichome magogo ya minazi iliyoanguka. Ayakatekate, ayachanganye na samadi, ayarundike kwenye shina la minazi michanga yaoze yawe mbolea. Mtu yeyote wa pwani ya kusini angeshtuka. Magogo yanayooza ndiyo makazi ya chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe. Hutaga humo, funza wake wakakua humo, kisha akikomaa huruka hadi kwenye kilele cha mnazi na kuutoboa moyo. Kumrundikia magogo chini ya mti ni kumjengea nyumba mlangoni pa jikoni.

Nikaandika. Juu ya riwaya niliandika ukurasa mzima, nikaufuta, nikauandika tena. Juu ya kitabu cha minazi niliandika hivi: "Kitabu hiki kina picha nzuri. Lakini mawaidha yake kuhusu magogo yasifuatwe hata kidogo, maana yataleta chonga na kuua minazi michanga." Nikatia sahihi, nikapeleka.

Gazeti lilipotoka nililifungua nimesimama barazani pa shule. Kuhusu riwaya palikuwa na mstari mmoja: "Hadithi ya kupitisha wakati, wenye nafasi wataifurahia." Na kuhusu kitabu kile kingine: "Kitabu hiki kina picha nzuri na mawaidha mengi. Kila mkulima wa wilaya hii akipate na akifuate." Chini yake, jina langu na la baba yangu, yote mawili, kwa herufi kubwa.

Nilimwandikia mhariri barua kali. Kabla sijaipeleka posta, basi likaleta kifurushi cha pili. Mlikuwa na vitabu vitatu humo, kimoja cha historia na viwili vya hadithi, kurasa zake bado zimegandana kwa upya. Nilivishika, nikaitazama barua yangu, nikaona nikiipeleka huenda hiki kikawa kifurushi cha mwisho. Nikaitia barua ndani ya daftari. Nikanyamaza. Katika mambo yote ninayoyasimulia hapa, hilo ndilo ninalolionea haya zaidi.

Mwezi ule, na uliofuata, na uliofuata huo, niliandika niliyoyaona na yakatoka mengine. Vitabu vyote vilikuwa vizuri. Vyote vilifaa.

Likizo ilipofika nilikwenda Mkongani kumsalimu mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama. Kwetu Wadigo mjomba si mtu wa kutembelewa sikukuu tu. Ndiye aliyenilipia nguo zangu za kwanza za ualimu kwa kuuza mihogo, na ndiye ambaye neno lake ndani ya nyumba yetu lilikuwa la mwisho. Alikuwa amejifunza kusoma herufi za Kizungu jeshini wakati wa vita, na alisoma polepole, kidole kikifuata mstari.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Hakuniuliza habari za nyumbani. Hakuniambia nikae. "Njoo shambani kwanza."

Nilimfuata. Upande wa chini wa shamba alikuwa amepanda minazi michanga, safu baada ya safu, kila mmoja ameupima kwa kamba. Kwenye kila shina palikuwa na rundo la magogo yaliyooza. Makuti yalikuwa yamekatika pembe tatu kama kwa mkasi. Miti mingi ilikuwa imekwisha kulala kilele. Mjomba aliinama, akafukua rundo moja kwa jembe, na funza weupe, wanene kama kidole gumba, wakajikunja juani.

"Hii ndiyo mbolea yako," akaniambia.

"Mjomba, mimi sikuandika vile."

"Nimesoma kwa macho yangu. Jina lako liko pale. Nikaenda Kwale kwa miguu kukiazima hicho kitabu kwenye jumba la mikutano."

"Waligeuza maneno yangu. Niliandika magogo yasiwekwe."

"Waligeuza lini?"

"Tangu toleo la kwanza."

"Na ulijua?"

Nikasema ndiyo. Singeweza kumdanganya mjomba.

Alikaa juu ya kisiki. Hakunipigia kelele, na ingekuwa nafuu kama angepiga. "Unadhani mimi sijui chonga?" alisema. "Baba yangu alinifundisha kuchoma magogo kabla sijafundishwa kusali. Niliposoma kile kitabu nikasema huyu amekosea. Halafu nikasema, lakini mpwa wangu amesoma, naye ni mtu wa hapa, na amesema kifuatwe. Labda kuna elimu mpya. Nikaacha ninalolijua nikashika unalolijua wewe."

Asubuhi ya pili nilipita msitu wa Shimba kwa baiskeli hadi Kwale. Mhariri alinipokea kwa heshima zote, akaagiza kahawa. Ofisini mwake mlinukia wino wa stensili. Nilimweleza habari za mjomba tangu mwanzo hadi mwisho. Alisikitika kweli, akatikisa kichwa.

"Pole sana, bwana mwalimu. Pole sana. Lakini mimi nilipunguza maneno tu. Nafasi ni ndogo."

"Hukupunguza, bwana. Umegeuza. Niliandika yasifuatwe, ukaandika yafuatwe."

"Tazama," akasema, akishusha sauti kama anayemtuliza mgonjwa. "Vitabu hivi tunapewa. Mwenye kuvituma akisoma kwamba tumesema chake ni kibaya, atatuletea kingine? Na wewe mwenyewe utasoma nini?"

Neno hilo la mwisho lilinichoma, kwa sababu alikuwa amenijua vizuri kuliko nilivyodhani.

"Na ile riwaya ya mjane?" nikamwuliza. "Ile ilikuwa nzuri. Mbona hukuniachia hata niisifu?"

"Uliisifu kupita kiasi. Mwanamke anashindana na mashemeji, na wewe unasema ana haki. Wazee wangeleta maneno."

Nilimwomba jambo moja tu, masahihisho. Sentensi mbili, kuwaambia wakulima wasiweke magogo. Alifikiri, akakubali, akanishika mkono. "Toleo lijalo, inshallah."

Toleo lililofuata halikuwa na kitu. Lile la baada yake lilikuwa na masahihisho, chini kabisa ya ukurasa wa nane. Ninayakumbuka neno kwa neno: "Katika toleo letu la nyuma neno 'mawaidha' lilipigwa vibaya. Tunaomba radhi kwa wasomaji."

Nilicheka peke yangu darasani hadi mwalimu mwenzangu akaja kuchungulia. Kisha nikachukua kalamu ya wino mwekundu, ile ya kusahihishia madaftari, nikapanda baiskeli. Nilijua mahali nakala za kitabu kile zilipopelekwa: moja shuleni kwetu, moja Gazi, moja Diani, moja Tiwi, na ile ya Kwale. Kwa Jumamosi tatu nilimaliza kuzipitia zote. Katika kila moja nilifungua mahali penye magogo nikaandika pembeni, kwa mwandiko mkubwa: "USIFANYE HIVI. Utaleta chonga." Nikatia jina langu, ili safari hii liwe chini ya maneno yangu mwenyewe.

Haikupita muda nikaitwa kwa mwalimu mkuu. Kwenye meza yake palikuwa na nakala ya Diani.

"Huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu, bwana mkuu."

"Mwalimu anayechafua vitabu nitawaambia nini wanafunzi?"

Nilimweleza. Alisikiliza, naye ni mtu aliyekulia chini ya minazi kama mimi, akasema, "Ni kweli, chonga hutaga kwenye magogo." Halafu akaniandikia onyo. Kitabu cha Diani kilirudishwa kabatini baada ya ukurasa ule kung'olewa, na pamoja na ukurasa ule yakang'oka maneno yangu. Wiki iyo hiyo ilikuja barua ya mhariri, yenye adabu kama kawaida, ikinishukuru kwa kazi yangu njema na kunijulisha kwamba safu imekabidhiwa mwalimu mwingine, wa upande wa Matuga. Vifurushi vikakoma.

Likizo zote za mwaka ule nilizimalizia Mkongani. Tulichoma magogo. Tulifukua samadi na kuwaua funza kwa majembe. Kisha mjomba akanionyesha namna ya kukunja waya ncha kama ndoana, kuuingiza taratibu ndani ya tundu la chonga kwenye kilele, na kumvuta nje angali anapiga miguu. Ni kazi ya subira, na jasho linaingia machoni. Miti tuliyoiokoa ilikuwa michache. Mjomba alisema nami kuhusu mvua, mbuzi na afya ya mama. Kuhusu vitabu hakusema lolote, nami sikuthubutu.

Safu iliendelea kutoka. Niliisoma kila mwezi, ingawa nilijiapiza kuiacha. Mwezi mmoja ikasifu kitabu kipya cha historia ya watu wa pwani yetu, eti ni hazina kwa kila nyumba. Nilikitamani hadi nikakosa raha. Bahati ikanikutanisha na yule mwalimu wa Matuga kwenye mkutano, nikamvuta pembeni.

"Kile kitabu cha historia, ni kizuri kweli?"

Akatabasamu kwa haya. "Wallahi sijui. Siletewi vitabu, bwana. Naletewa maneno yaliyokwisha kupigwa, natia sahihi."

Nilikwenda Kwale nikakiazima kama mtu mwingine yeyote, kwa kujiandikisha kwenye dirisha la jumba la mikutano. Nilikisoma kwa siku mbili. Kilikuwa kizuri mno. Mwandishi alikuwa ametembea Vanga hadi Likoni akiwauliza wazee majina ya visima na sababu za majina hayo, na mahali alipokosa jibu alisema hajui. Kulikuwa na sura nzima juu ya vijiji vya nyuma ya Shimba, na mle ndani niliona habari za kisima ambacho babu yake mjomba alikichimba.

Nilikipeleka Mkongani nimekifunga kwa kitambaa. Nilimkuta mjomba akipukuchua mahindi.

"Mjomba, nimekuletea kitabu. Hiki nimekisoma mwenyewe, chote. Ni cha kweli. Kinawataja wazee wetu."

Alinyoosha mkono, akalishika jalada, akaligeuza, akanirudishia bila kukifungua.

"Nakushukuru," alisema. "Soma wewe."

Akaendelea kupukuchua. Niliketi kando yake, kitabu mapajani, nikachukua gunzi, nikamsaidia.