Malori Kumi na Moja ya Vigae kwa Jina Langu

Jumanne moja asubuhi nilikuta duka langu la Lumino, karibu na mpaka wa Kenya, limefungwa kwa kufuli nisilolijua.

Mlangoni, karatasi. Eti nimeingiza malori kumi na moja ya vigae kutoka Kenya na sijalipa kodi.

Mimi nauza unga wa muhogo na samaki wakavu, jamani. Kigae nimekikanyaga benki tu.

Nikapanda boda mpaka Tororo, ofisi ya kodi. Sikulia. Sikuhisi chochote, kama fizi iliyodungwa ganzi.

Afisa, mama mmoja anaitwa Amondi, akafungua kompyuta. "Wesonga ni nani yako?"

"Alikuwa mume wangu. Tumeachana miaka miwili sasa. Baba alirudisha ng'ombe zake za mahari zote nne, wazee wa Masinya wakaona. Deni yake inanihusu nini?"

Kwetu ng'ombe wakirudi, ndoa imekufa. Nilidhani na mengine yote yamekufa nayo.

Amondi akanitazama kwa huruma.

"Madam, deni ya bwana wa zamani haikuhusu. Lakini hii si ya kwake. Kampuni iko kwa jina yako. Kwa karatasi, yeye alikuwa anatumwa na wewe tu."

Ndipo nikakumbuka. Mwaka wa kwanza wa ndoa alinipeleka kusaini fomu, akasema anataka niwe bosi. Nilifurahi, nikapika kuku siku hiyo.

Malori tisa yalipita mpakani baada ya talaka.

Nikampigia Wesonga simu. "Mable, mimi sina kampuni," akasema taratibu. "Uliza hao wenye ofisi." Akakata.

Niliuza shamba alilonipa baba. Likalipa nusu, kufuli likatolewa, nusu nyingine nalipa kila mwezi. Watu wanasema nimejikaza. Sijajikaza, nimechoka tu.

Wiki jana Sandra, mke mpya wa Wesonga, alikuja dukani kununua unga. Anacheka mwenyewe.

"Dada Mable, usinichukie. Ile mzee inanipenda! Imenifungulia kampuni, jina yangu kabisa!"

Nilipaswa kusema. Mdomo ukakataa. Nikampimia kilo mbili, nikamrudishia chenji, akaenda zake.

Naona aibu, ndiyo maana naandika.

Wanawake wenzangu, wazee wanaweza kuvunja ndoa. Jina lako ofisini utalifuta mwenyewe, kwa miguu yako.

Sandra, kama unasoma hii, nenda Tororo kesho asubuhi. Usimuulize yeye kwanza.