Leseni Mbili kwa Mlango Mmoja

Clovis alizaliwa Bujumbura, kwa wazazi waliokimbia Rwanda, na Kigali aliiona kwa mara ya kwanza Agosti 1994, akiwa na miaka thelathini na moja. Aliukuta mji umepungukiwa na watu. Nyumba nyingi zilikuwa wazi, milango imevunjwa, na waliokuwa wakiingia kutoka Burundi, Uganda na Zaire walijilaza walipopata pa kujilaza. Kwa kuwa aliandika Kifaransa kizuri na alijua kupiga taipu, hazikupita wiki mbili akapata kazi kwenye ofisi ya komini moja, yaani serikali ya mtaa, upande wa Kanombe. Kazi yake ilikuwa kutoa leseni za maduka na buvette, yaani vilabu vidogo vya vinywaji.

Haikuwa kazi ndogo. Kila aliyefika na kreti mbili za bia alitaka kufungua buvette. Komini ikaweka masharti: pawe na choo, pafungwe saa moja jioni, na sharti lililowachosha watu kuliko yote, kwamba asipewe mtu leseni katika nyumba isiyo yake mpaka karani aende kwa miguu yake, aulize majirani wawili kama mwenye nyumba yu hai, na aandike majibu yao. Clovis alilishika sharti hilo barabara. Alikwenda mpaka Busanza kwenye tope kuuliza habari za kibanda cha kuuzia chumvi. Watu wakambandika jina, wakamwita Majirani Wawili. Naye jina hilo, kusema kweli, lilimpendeza.

Septemba akaja dada yake, Liliane, na watoto wawili. Liliane ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Ada ya shule ya Clovis ilitoka kwenye sinia lake la ndagala, yaani dagaa, sokoni Bujumbura. Alipata nyumba Kabeza, karibu na barabara ya uwanja wa ndege, yenye chumba cha mbele kilichokuwa na kaunta na rafu.

"Hapa palikuwa buvette," alimwambia Clovis. "Kaunta iko, rafu iko, hata vizibo viko chini. Niandikie leseni."

"Lazima niulize majirani, dada."

"Majirani gani? Hawa wa kushoto wametoka Uganda juzi. Kulia hakuna mtu. Nimepanga vyumba vya watu maisha yangu yote, Clovis. Leo nimefika kwetu, na wewe unaniuliza majirani?"

Ng'ambo ya njia, mwanamke mzee alikuwa akipepeta maharage mlangoni. Baadaye Clovis alikuja kujua kwamba aliitwa Xavérine na ameishi pale miaka ishirini na nane. Siku ile alimwona tu, akajua moyoni kwamba huyo ndiye wa kuulizwa, akageuza uso. Alirudi ofisini, akabuni majina mawili, na mbele ya kila jina akaandika: mwenye nyumba hajulikani. Akagonga muhuri. Mkono haukumtetemeka, na hilo ndilo lililomuumiza baadaye kila alipokumbuka.

Mwezi wa Novemba, asubuhi ya mvua, aliingia ofisini mama mmoja wa miaka hamsini hivi, mwembamba, amevaa koti la mwanamume. Alifungua karatasi ya nailoni akatoa leseni iliyokunjwa mara nne.

"Naitwa Mukandekezi," alisema. "Nilikuwa upande wa Bugesera, mgonjwa. Sasa nimerudi. Nataka buvette yangu iandikwe upya. Nyumba yangu wamo watu, lakini sikutaka kuingia kwa ugomvi. Nimesema nianzie serikalini."

Clovis alisoma. Leseni ilikuwa ya mwaka 1991. Akasoma mahali: Kabeza. Akasoma namba ya kiwanja: ilikuwa ile ile aliyomwandikia Liliane.

Nyuma ya mgongo wake, ndani ya kabati, kilikuwa kitabu cha leseni za zamani, na jina la mama huyu lilikuwamo humo. Angenyoosha mkono tu angekishika.

"Vitabu vya zamani viliungua, mama," alisema. "Uje wiki ijayo."

Mukandekezi alishukuru akaondoka. Wiki iliyofuata alirudi, Clovis akamwambia burugumesitiri, mkuu wa komini, hayupo. Mara ya tatu alimwambia alete mashahidi. Kila mara mama huyo aliketi kwenye benchi la ukutani mpaka zamu yake ifike, mikono mapajani, na kila mara Clovis alimkumbuka baba yake. Zamani kule Bujumbura alikuwa akienda naye kwenye ofisi ya wageni kufuata karatasi za ukimbizi. Waliketi kwenye benchi kama lile, na karani kijana akasema mje wiki ijayo bila kuinua macho. Sasa Clovis naye alikuwa hainui macho.

Kwa dada yake hakusema neno. Alipokwenda Jumapili kula, aliuacha ugali, akasingizia malaria.

Desemba ilipoanza, konseye, yaani kiongozi wa sekta, mzee Gasana, mtu wa maneno machache aliyerudi kutoka Tanzania, aliagiza ukaguzi wa buvette zote. Clovis alitakiwa kufuatana naye na daftari. Walianza saa nne asubuhi, na kufika saa sita walikuwa mlangoni kwa Liliane.

Liliane aliwapokea kwa furaha. Leseni ilikuwa imepachikwa ukutani juu ya rafu. Gasana akaisoma, akaenda kutazama choo, akarudi akitikisa kichwa kwa kuridhika. Ndipo Clovis alipoona kwamba pembeni, kwenye kiti cha karibu na dirisha, ameketi Mukandekezi na chupa ya Fanta.

Alikuwa amenunua soda katika nyumba yake mwenyewe. Liliane hakumjua, kwake alikuwa mteja tu.

"Mama, wewe ni jirani wa hapa?" Gasana alimuuliza. "Wanafunga saa inayotakiwa?"

Mukandekezi alimtazama Clovis. Aliitazama ile leseni ukutani, na sahihi iliyokuwa chini yake. Mara tatu alikuwa ameiona sahihi hiyo ikiandikwa kwenye karatasi za watu wengine huku yeye akisubiri. Clovis alitamani mama huyo aseme, yaishe.

"Nakunywa soda tu," Mukandekezi alijibu. "Sijui mambo ya hapa."

Akamaliza soda yake, akairudisha chupa kwenye kaunta, akasema asante kwa Liliane, akavuka njia na kuingia kwa Xavérine.

Asubuhi iliyofuata Clovis alimfuata Gasana nyumbani kwake kabla hajanywa chai, akamweleza yote: dada, majina ya kubuni, kitabu kabatini, zile safari tatu. Alitegemea kufokewa.

"Ungekuwa umekosea, ningekurekebisha," Gasana alisema. "Wewe hukukosea, kijana. Kukosea ni mara moja. Yule mama umemtazama usoni mara tatu."

"Ndiyo, mzee."

"Barua ya kufuta leseni utaiandika wewe. Na utaipeleka wewe, mchana, watu wakiona."

Aliipeleka Alhamisi, siku ambayo Kabeza hujaa watu. Liliane aliisoma akiwa amesimama, kisha akaisoma tena.

"Una wiki mbili, dada. Mwenye nyumba ni yule mama aliyekunywa Fanta siku ya ukaguzi. Komini itakutafutia pengine pa kukaa."

"Ulijua lini?"

"Tangu Novemba."

"Mwezi mzima unakula kwangu." Hakupiga kelele, na Clovis alitamani apige. "Ungeniambia siku ile ile, ningefunga vitu vyangu nikatoka. Unadhani mimi sijui kufukuzwa ni nini? Umenifanya mwizi bila mimi kujua. Umenikalisha juu ya mkeka wa mtu, mbele ya macho yake, nikimuuzia soda."

Watu walikuwa wamesimama njiani. Mmoja akasema, "Si ndiye Majirani Wawili?" Wengine wakacheka. Clovis alibandika tangazo mlangoni na gundi ikamgandia vidoleni.

Kabla wiki mbili hazijaisha Liliane alihamia Gahanga, kwenye vyumba viwili, akaanza kuuza uji wa mtama. Clovis alimpelekea salamu kwa watu, hazikujibiwa. Pale ofisini Clovis aliondolewa kwenye leseni, akapelekwa sokoni kuandika majina ya wenye meza. Muhuri akapewa mwingine.

Karibu na Noeli alijikaza akaenda Kabeza. Mukandekezi alikuwa akiosha rafu. Xavérine alikuwepo, akipanga glasi, na ndiye aliyesema kwanza.

"Huyu ndiye? Mwezi mzima Mukandekezi alilala jikoni kwangu, kwenye majivu, mvua ikiingia. Mimi chumba ninacho kimoja, na wajukuu watano. Hukuuliza analala wapi?"

"Sikuuliza," alisema Clovis.

Akapiga magoti pale pale kwenye sakafu yenye maji, akaomba msamaha. Maneno aliyoyapanga njiani yalimtoka kichwani, akabaki kurudia, nisamehe mama, nisamehe mama.

"Inuka, unalowa," Mukandekezi alisema. Hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Alikausha mikono, akachukua karatasi mpya kutoka rafu ya juu. "Wamenipa jana. Kifaransa sikijui. Ile ya zamani nilisomewa na mume wangu. Hii bado hajanisomea mtu. Nisomee."

Clovis aliisoma, akaifasiri neno kwa neno: namba ya kiwanja, aina ya biashara, saa ya kufunga, jina la mwenye leseni. Alipofika kwenye jina alilisoma mara mbili.

"Ni jina langu kweli?"

"Ni lako, mama."

"Weka kidole nilione."

Akaweka kidole. Mukandekezi akainama, akalitazama jina kwa muda mrefu, kisha akachukua karatasi yake na kumwambia apishe mlangoni, maana wenye kreti za bia walikuwa wamefika na walikuwa wakisubiri kuingia.