Jina la Papa Yvonne ku ordinateri

Bandugu, leo nimeharibu kitu kwa kukisafisha.

Munajua kachumba kangu ka mu mutaa wa Ndosho, kenye ninachungamo ordinateri, kompyuta za zamani, na kuzipiga video. Mama Yvonne, jirani yangu, mujane, aliniletea ya marehemu bwana yake, Papa Yvonne. Ile ya ekra ya kioo yenye mugongo mukubwa.

Leo asubuhi niliisugua na alkooli mupaka ikangaa. Nikawasha, ikawaka! Nikatuma video hapa, mukaipenda sana.

Kisha Mama Yvonne akaingia. Hakuangalia ekra hata kidogo. Akazunguka nyuma, akapitisha kidole ku mugongo.

"Mutoto wangu, jina iko wapi?"

Jina gani?

Kumbe yale maandishi mekundu ya verni, ile rangi ya kucha! Si tunaandikaka majina ku sahani, ku viti, ku kila kitu, juu visipotee siku ya kukimbia vita? Mi niliona ni uchafu tu.

"Ni yeye aliandika, na mukono yake."

Nikatoka inje. Nikarudi. Nikatoka tena.

"Umeisafisha muzuri," akaniambia. "Na yeye umemupangusa."

Sasa musikie. Juzi, mbele ya kusafisha, nilituma hapa kavideo kafupi, jina linaonekana. Nilikafuta, hata ku telefone yangu, juu kalikuwa na giza.

Kama kuko mwenye alikachunga ku telefone yake, anitumie. Hata na giza yake.

Mama Yvonne angali amekaa hapa. Kila mara telefone yangu inalia, anainua kichwa.