Siku Kwaya Ilipopanda Ghorofani

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhifadhi Mkuu hakunionyesha vitanda vya shaba ambavyo wageni walikuja kuvitazama. Alinipeleka ghorofani, akanipa fimbo, akasema, "Gonga sakafu." Nyumba ile ya mlowezi wa kahawa, huku kwetu Mbozi, njia ya Igamba, ilikuwa makumbusho, na adui yake alikuwa mchwa. Ubao mzima ukiugonga hulia mzito; ulioliwa ndani hulia kama debe tupu. "Wageni watano tu kwa mara moja," akaniambia, "na wapite kandokando, boriti zinapoegemea ukuta. Katikati usimwamini hata paka."

Mnaosomea utalii siku hizi mtacheka, lakini kugonga ndiyo ilikuwa kazi ya kila asubuhi.

Jumamosi moja ilikuja kwaya ya kanisani kwetu, mke wangu Mama Neema akiwemo. Niliwaacha chini kidogo nikamwonyeshe dereva wao pa kuegesha gari, wakapanda wenyewe. Kwaya za kwetu zikifurahi mahali hushukuru kwa kuimba, na kuimba kwetu ni miguu. Niliporudi nikasikia vishindo, unga wa mchwa unadondoka kutoka darini.

Nilipanda ngazi. Wengi walikuwa katikati kabisa, wanayumba pamoja. Ningepiga kelele, wote wangekimbilia mlangoni. Nikainua mkono, nikasema, "Tuombe."

Wakanyamaza, wakafumba macho, miguu ikatulia. Nikaomba, na bila kufika kwenye amina nikaanza kuwashika mkono mmoja mmoja, kuanzia aliye karibu na mlango, nikiwapitisha ukutani.

"Kuna nini, Baba Neema?" mwalimu wa kwaya akanong'ona.

"Shuka taratibu, mwalimu. Usiulize."

Mke wangu alikuwa kona ya mbali. Alifumbua macho, akanitazama, akaelewa asisogee. Nilimtoa wa mwisho, mbao zikilia chini yetu.

Mafundi walipoing'oa ile sakafu, boriti zilimeguka mikononi. Siku naagwa kustaafu, Mhifadhi Mkuu wa zamani alisimulia habari hiyo, watu wakapiga makofi. Mama Neema hakupiga.

"Kumbe ulijua itaanguka," aliniambia tulipofika nyumbani. "Ukaanza na wengine."

Nikamweleza kwamba kumvusha pale katikati wengine wakiwa bado wamesimama kungetuangusha wote. Akasema sawa, akaendelea kupepeta mchele. Sasa nashinda naye nyumbani kutwa nzima, na kila anaponyamaza, naogopa.