Shomoro Aliyeacha Kulisha

Rukiah, Mnubi mkaanga mandazi nyuma ya hosteli za wanafunzi mtaani Wandegeya, hakumwamini mtu yeyote mwenye sindano. Kwa hiyo Joska, binti wa polisi aliyekuwa akisomea maisha ya ndege chuoni, alipoomba kuwashika shomoro waliojenga kiota chini ya bati lake, Rukiah alikubali shingo upande, akakaa mlangoni asibanduke.

Joska alimnasa dume kwa wavu, akamtoa tone la damu bawani, akamvisha pete nyekundu mguuni. Halafu akampa Rukiah mgongo, akakawia.

"Unamfanya nini huko?"

"Nampima tu, Hajati."

Tangu hapo dume akabadilika. Zamani alipokezana na jike kuleta wadudu. Sasa alishinda juu ya bati akilialia na kufukuza madume wengine. Jike alihangaika peke yake, makinda wakipiga kelele za njaa. Rukiah alitazama. Mumewe Jafar aliwaacha yeye na watoto ghafla namna hiyo, na mpaka leo Rukiah alishuku kwamba jirani yake, Mubaraka, alimtilia mumewe dawa kwenye chai.

Joska aliporudi hakukaribishwa kiti.

"Umemtia dawa gani yule ndege?"

Joska alitaka kucheka, akauona uso wa Rukiah, akaacha. "Nimemwekea kijiti chini ya ngozi. Kina homoni ya kiume. Ikizidi mwilini, dume hutaka kuimba na kupigana kuliko kulea. Hayo ndiyo tunayochunguza."

"Na hukuniambia."

"Niliogopa utakataa."

"Ningekataa, ndiyo. Kitoe."

Joska alilalamika kwamba kazi yake itaharibika. Rukiah akamwonyesha kiota. Kesho yake asubuhi dume alinaswa tena, kijiti kikatolewa mbele ya macho ya Rukiah. Siku chache baadaye akaonekana na kiwavi mdomoni, lakini kinda mmoja alikuwa ameshakufa.

"Hiyo homoni," Rukiah aliuliza, "mume wa mtu anaweza kutiliwa kwenye chai?"

"Sijasikia, Hajati. Na mume wa mtu si shomoro."

Jibu lilimpunguzia shaka, ingawa halikumtosha. Jioni, akipita mlangoni kwa Mubaraka, alimwamkia kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi.

Mubaraka alimpima kwa macho toka juu hadi chini. "Unataka nini?" akauliza, mkono ukiwa kwenye komeo.